Mavyaa anasema maziwa yangu yana sukari: jibu kwa mzazi wa Wete

Suali limekuja kutoka Wete, Pemba, ni refu nimelikata kidogo, kasema hivi: "Assalamu alaykum nesi. Nna miaka 26, nna sukari ya sindano tokea nna miaka 17. Nimejifungua kwa operesheni wiki tatu sasa, mtoto wa kike, kilo 4.1, alipozaliwa sukari yake ikashuka akakaa chumba cha watoto siku mbili. Maziwa yangu yalichelewa, yametoka siku ya nne. Sasa ananyonya, lakini usiku nikishamnyonyesha natetemeka, kijasho chembamba, juzi nusura nimuangushe. Mavyaa anasema sukari yangu inapita kwenye ziwa ndo maana mtoto akaugua, na hizi sindano nazo zinaingia kwenye maziwa, bora nimpe ya kopo. Ananipikia uji wa uwatu asubuhi na jioni maziwa yazidi, sasa sijui anataka ninyonyeshe au nisinyonyeshe. Wifi yangu naye ana sukari, ya vidonge, mimba ya miezi minane, kashaingia khofu. Na Ramadhani vipi?"

Wa alaykum salaam mwanangu. Hongera ya uzazi, Mwenyezi Mungu akukuzie. Jibu la haraka ni usiache kunyonyesha, na mavyaa wako ntamjibu huko mbele maana naye ni mtu mzima hawezi kujibiwa kwa neno moja tu. Lakini kuna kitu umekitaja katikati ya suali kama jambo dogo hivi ukapita, nacho ndicho kilichonifanya niandike leo leo nisingoje wiki ijayo. Umesema nusura umuangushe mtoto. Hapo ndipo pa kuanzia, mengine yote yanaweza kungoja.

Ile kutetemeka na kijasho usiku ni sukari yako imeshuka. Na inashuka kwa sababu unanyonyesha, yaani mwili wako unafanya kazi yake sawasawa ila hujaupa chakula cha kufanyia kazi hiyo. Maziwa ya mama yana sukari yake inaitwa laktosi, kiasi cha gramu 7 kwa kila mililita 100, na mtoto aliyeshika ziwa vizuri akishapita mwezi hivi anakunywa kama mililita 700 mpaka 800 kwa siku. Piga hesabu, ni gramu 50 na zaidi za sukari, vijiko vya chai zaidi ya kumi, na malighafi yake yote inatoka kwenye damu yako wewe. Ziwa linavuta sukari kutoka kwenye damu linatengeneza maziwa, usiku na mchana, halina likizo. Mama asiye na sukari kongosho lake linajua, nalo ndilo linalotengeneza insulini, ile homoni ya kushusha sukari ya damu, linaipunguza lenyewe bila ya yeye kuhisi kitu. Wewe insulini yako imo kwenye sindano, ukishaipiga saa moja magharibi haijui tena kama utanyonyesha au hunyonyeshi, inaendelea tu.

Halafu tazama ile insulini yenyewe. Hukuniandikia unatumia ipi lakini wengi wetu huku tunapewa ile nyeupe iliyo kama maziwa, ya peke yake au ile iliyochanganywa kabisa kwenye chupa moja, unaipiga asubuhi na jioni. Ile nyeupe haifanyi kazi hapo hapo, inapanda polepole na nguvu yake inakuja masaa manne mpaka kumi baada ya kuipiga. Ukiipiga saa moja usiku basi kilele chake kinaangukia baina ya saa tano na saa kumi na moja alfajiri, na hapo katikati, saa nane, ndo mtoto kaamka analia, wewe umekula saa mbili, tumbo tupu, insulini iko juu kabisa, na ziwa linavuta. Vitu vitatu vimekutana wakati mmoja, utaachaje kutetemeka?

Miaka nilipokuwa nazungukia wazazi majumbani, shamba, nilifika nyumba moja asubuhi mapema kumtazama mzazi wa siku ya kumi na mbili, naye wa sindano kama wewe. Mama yake kanifungulia mlango anasema mwache kalala tu maskini usiku kucha hakulala. Nikaingia. Kalalia ubavu, mtoto yupo kifuani bado chuchu imo mdomoni, ziwa limemfunika pua nusu, na ile kanga ya mama imerowa kama iliyotolewa kwenye beseni. Namwita jina, anafungua macho anatabasamu, anasema maneno hayaeleweki, kama mtu anayeota. Nilimtoa mtoto kwanza nikampa bibi yake, nikampima, mashine ikaonesha 2.1 (namba zangu zote za sukari hapa ni za mmol/L). Bahati yake alikuwa bado anaweza kumeza, tukampa sukari kwenye maji kijiko kwa kijiko, dakika ishirini baadae anakaa anauliza "nesi umekuja saa ngapi?" Hakukumbuka hata kama alimnyonyesha mtoto. Na nyumba nzima wao walidhani ni usingizi wa uchovu wa uzazi. Sikuhadithii nikutishe, nakuhadithia kwa sababu wewe bado uko kwenye kutetemeka na kujua kama unatetemeka, na hapo ndo pa kulizuia.

Basi leo usiku fanya hivi. Kabla hujalala pima. Mimi huwaambia wazazi wangu wa sindano ikiwa chini ya 7 usilale bila kula kitu, kitu cha kukaa tumboni, kipande cha boflo na yai, muhogo wa kuchemsha na samaki, glasi ya maziwa. Karibu na kitanda, ndani ya chandarua kama unaweza, weka kisahani umekifunika na chupa ya maji ya kunywa. Tende mbili tatu, ndizi, au huo mkate. Mtoto akiamka mkono wa kwanza uende kwenye kisahani, wa pili ndo kwa mtoto, atalia dakika mbili hafi. Ukila ukiwa unamnyonyesha pia sawa, ila usingoje umalize ndo ule, maana wazazi wengi wanafanya hivyo, "nimlaze kwanza", na akishalala mtoto na yeye kalala. Na pembeni tofauti na hicho kisahani weka dawa ya kushuka, mimi naiita dawa kwa makusudi ili watoto wa nyumba wasiile: soda ya sukari ya kawaida chupa ndogo (siyo ile isiyo na sukari, nimeshaona mtu anapewa ile na anazidi kuzama), au sukari kwenye kikopo.

Ukihisi tu dalili, kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa ya ghafla, hasira isiyo na sababu, midomo kufa ganzi, kitu cha kwanza mlaze mtoto kitandani, katikati, mbali na ukingo. Usisimame naye. Kisha pima kama mashine iko karibu, chini ya 4 ni kushuka, na kama mashine iko chumba cha pili usiende kuitafuta, tibu kwanza. Nusu glasi ya soda, au vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, unywe yote. Ngoja dakika 15, pima tena, bado iko chini rudia. Ikishapanda ndo ule kile chakula cha kukaa. Halua isikuokoe hapo, najua mko Wete na halua yenu haina mfano, lakini ile ina samli na mafuta yanachelewesha sukari kufika kwenye damu, unakula sinia zima bado unatetemeka halafu baada ya saa mbili iko 18.

Na mfundishe mtu mmoja wa nyumba hiyo, mume au huyo huyo mavyaa, kwamba ukikutwa huamki au huwezi kumeza basi asikumiminie kitu mdomoni, kitakwenda kwenye mapafu. Akulaze ubavu, amchukue mtoto, akukimbize spitali hapo hapo.

Kuhusu dozi. Mimba ikiwepo kondo la nyuma linatoa homoni zinazoizuia insulini isifanye kazi, ndo maana mwisho wa mimba yuniti zinapanda mpaka mtu anaogopa. Kondo likitoka tu, siku ile ile, haja ya insulini inaporomoka, wengi wanarudi kwenye dozi ya kabla ya mimba au chini yake, na anayenyonyesha mara nyingi anahitaji pungufu zaidi tena. Sasa hukunambia wewe umeruhusiwa na dozi gani. Nimeona mara nyingi mzazi karudi nyumbani na kadi ya kliniki ya wajawazito bado imeandikwa yuniti za mwezi wa nane na hakuna aliyezifuta. Chukua daftari, andika siku tatu nne, sukari ya kabla ya kulala, ya saa nane au tisa usiku, ya asubuhi kabla ya kula, na umeipiga ngapi na saa ngapi, nenda nalo kliniki ya sukari wakupunguzie ile ya jioni. Stripu za kupimia ni ghali najua, kama unazo chache hizo tatu ndo za maana, za mchana unaweza kuruka kidogo. Usikae ukangoja tarehe ya miadi, kushuka kila usiku si jambo la kungojea miadi. Ila usije ukaiacha sindano kabisa kwa kuogopa kushuka! Wewe wa sindano mwili wako hauna insulini yake, ukiacha siku moja mbili damu inaingia asidi, unatapika, unahema kwa nguvu, na hapo tunazungumza kitanda cha wagonjwa mahututi. Inapunguzwa, haiachwi. Na wala usikimbizane na zile namba za mimba, ulipokuwa na mimba walikubana ili mtoto asinenepe, sasa mtoto yuko nje, ukiwa baina ya 5 na 10 na hushuki mimi nalala usingizi, kliniki wakikupangia vyengine fuata wao.

Haya, mavyaa. Mama, kama unasomewa hapo, salamu zangu, na nakushukuru kwa kumlea mkweo maana wengine hawana wa kuwachemshia hata maji. Unasema maziwa yake yana sukari. Ni kweli yana sukari! Na yako yalikuwa nayo ulipomnyonyesha baba wa mtoto huyu, na ya kila mwanamke tokea dunia kuumbwa, onja tone utaona ni matamu. Ile ni laktosi, inatengenezwa ndani ya ziwa lenyewe kwa kipimo chake, sukari ya damu ikipanda mpaka 15 maziwa hayageuki sharubati. Kuna sukari nyengine kidogo sana ya damu inayopenya na inaweza kuzidi kidogo kwa mama ambae sukari yake iko juu siku zote, kwa hivyo kuidhibiti ni vizuri, lakini si kitu cha kumpa mtoto maradhi. Maradhi ya sukari hayaambukizi kwa ziwa, kama yatamfika mtoto siku moja ni kwa damu ya ukoo na maisha atakayoishi. Na kopo nalo si salama kuliko ziwa, lina maji yanayotaka kuchemshwa, chupa inayotaka kuoshwa, na pesa ambayo mwezi wa pili inakwisha na watu wanaanza kulizimua.

Insulini kwenye maziwa, ndio, kidogo ipo, hata maziwa ya mama asiye na sukari yana insulini. Lakini insulini ni aina ya protini, ikiingia tumboni inasagwa kama inavyosagwa yai, ndo maana wewe mwenyewe unapigwa sindano hupewi kijiko unywe. Ingekuwa inafanya kazi kwa kunywa nani angekubali kujidunga miaka tisa?

Sasa kwa nini sukari ya mtoto ilishuka. Hapa naomba msome taratibu. Mtoto tumboni analishwa na damu ya mama, sukari ya mama inapita kwenye kondo, insulini ya mama haipiti. Sukari ikimjia nyingi kongosho la mtoto linafanya kazi kubwa, linatoa insulini yake nyingi, ndo pia sababu ya hizo kilo 4.1. Anazaliwa, kitovu kinakatwa, sukari ya mama imekatika hapo hapo kama umeme, lakini kongosho bado halijapata habari, linaendelea kumwaga insulini. Sukari ya mtoto lazima itashuka saa za mwanzo, na kwa wengi inakaa sawa ndani ya siku moja mpaka tatu. Kwa hiyo ilishuka kabla hata maziwa yako hayajatoka, umesema mwenyewe yalitoka siku ya nne, sasa maziwa ambayo hayakuwepo yangemuuguza vipi? Na dawa ya kwanza ya kuizuia isishuke ni dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya mwanzo, mtoto awekwe kwenye ziwa ndani ya saa moja ya kuzaliwa kisha anyonye kila baada ya saa mbili tatu, na apimwe.

Na mimi hapa nna deni langu la kusema. Zamani, msichana mdogo ndo kwanza nimeanza kazi ya wadi, analetwa mtoto wa mama mwenye sukari, tunamtia glukozi kwa chupa, anakunywa, namba inapanda, tunafurahi, saa tatu baadae imeshuka tena tunamtia tena, na mama yake kalala milango miwili kutoka hapo hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumkamua. Siku ya tatu tunampelekea mtoto hataki ziwa, kashazoea chupa inayomiminika bila ya kuvuta, na mama ziwa limejaa gumu kama jiwe analia. Nikamwambia mama "huna maziwa mazuri". Mimi, kwa mdomo wangu. Yule mama hakumnyonyesha tena mtoto yule. Pahala penyewe sipataji na wala si pa kupalaumu, ndivyo tulivyokuwa tunajua wakati ule, lakini tokea nilipofahamu kila nikipata nafasi nasema.

Maziwa yako kuchelewa mpaka siku ya nne pia si laana. Kwa mama wa sukari ya sindano maziwa kwa kawaida yanachelewa kama siku moja kuliko wenziwe, maana ziwa nalo linahitaji insulini kuanza kazi na siku za mwanzo mambo yanakuwa hayajakaa sawa, ongeza operesheni, ongeza mtoto kuwa chumba chengine. Sasa wiki tatu, suali la maana ni je yanamtosha? Usiangalie ukubwa wa ziwa wala usikamue upime kwenye glasi. Angalia nepi, sita na zaidi zilizorowa kwa siku, na mpeleke akapimwe uzito, kwa wiki tatu hivi anatakiwa awe keshazirejesha zile kilo alizozaliwa nazo na kuzidi. Kama yuko hapo basi yanatosha na kopo halina kazi. Kama hayupo, anyonye mara nane mpaka kumi na mbili kwa siku, mvueni nguo mumweke kifua kwa kifua, na akiwa ni mvivu wa kuvuta (hawa wanene wa mama wenye sukari wengine ni walalaji kweli, anavuta mara tano kalala) mkamulie mkono ukiwa unamnyonyesha maziwa yamiminike, msugue nyayo aamke.

Uwatu sasa. Mavyaa usikasirike tena. Uwatu, hilba wengine wanaita, bibi zetu wanautumia kuzidisha maziwa na sina ugomvi nao, ila una tabia ya kushusha sukari ya damu. Kwa mtu mwengine hilo ni zuri, kwa mzazi anayepiga insulini na anayeshuka kila usiku, bakuli asubuhi na bakuli jioni ni kama mumemuongezea yuniti bila kumwambia. Ningeshangaa kama huo uwatu wa jioni haumo kwenye kesi hii. Uacheni kwa sasa mpaka dozi ikae sawa, halafu akiutaka awaambie kliniki. Uji wa pilipili manga sawa, lakini sukari isitiwe kwa kumimina, na ukiwa wa mtama si wa mchele ni bora zaidi. Supu ya pweza, mchuzi wa samaki, kuku wa kienyeji, mchicha, maharage, vyote hivyo leta. Kunyonyesha kunataka kama kalori 500 za ziada kwa siku, sahani nzuri ya wali na mchuzi hiyo, kwa hivyo huu si wakati wa kujinyima wali kwa sababu "mimi mgonjwa wa sukari", igawe tu siku nzima usile sinia moja mchana ukashinda na njaa jioni. Asali mtoto msimpe kabisa mpaka atimize mwaka, hata ya kidole, kuna kijidudu kinaweza kukaa ndani yake kikamlegeza mwili mzima.

Chuchu zikipasuka au zikiwasha zinachoma kama pilipili, na mtoto ana utando mweupe mdomoni usiofutika, hao ni fangasi, wanapenda sukari, mtibiwe wote wawili siku moja la sivyo mnarudishiana. Ziwa likiwa jekundu, lina moto, na homa juu yake, nenda spitali upesi, dawa zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha, na uendelee kumnyonyesha kwa ziwa hilo hilo, ukiliacha lijae ndo linageuka jipu. Homa inapandisha sukari, usishangae kuona 16 wakati jana ulikuwa 8.

Wifi yako sasa, huyo ana bahati kajua mapema. Aulize kwenye kliniki kama anaweza kuanza kukamua dang'a kwa mkono kuanzia wiki ya 36, kama mimba haina matatizo mengine. Kuna utafiti mkubwa ulifanyika Melbourne, Australia, matokeo yalitoka 2017, akina mama wenye sukari walikamua kidogo kidogo mwisho wa mimba na hawakuzaa mapema zaidi wala watoto wao hawakulazwa zaidi ya wenzao. Matone tu, anayavuta kwenye bomba safi la sindano bila ya sindano yenyewe, yanagandishwa kwenye friji, na siku ya kuzaa anakwenda nayo kwenye barafu, sukari ya mtoto ikishuka anapewa hayo badala ya chupa. Asiye na friji asijitaabishe kuweka, ajifunze tu namna ya kukamua, saa ya kwanza itamfaa.

Vidonge vyake, aangalie jina kwenye boksi. Metfomini inaingia kwenye maziwa kidogo mno, anyonyeshe bila wasiwasi. Glibenklamaidi madaktari wengi wanairuhusu, mtoto aangaliwe asiwe anatetemeka au kulegea sana, na yeye mwenyewe ale vizuri maana inashusha. Hivi vipya kama dapagliflozini, na zile sindano za wiki za kupunguza uzito, asitumie akiwa ananyonyesha, akapewe kingine. Na kama sukari yake imekuja na mimba tu basi anyonyeshe kwa nguvu zaidi, kunyonyesha kunampunguzia mama mwenyewe uwezekano wa sukari ya kudumu baadae, na baada ya wiki sita mpaka kumi na mbili arudi apimwe, msimwache akasema "mimi nilikuwa na ya mimba imeshaondoka" bila ya kipimo.

Ramadhani usifunge mwanangu. Wewe una ruhusa mbili, ya maradhi na ya kunyonyesha, na wa sindano anaenyonyesha kuanzia alfajiri mpaka magharibi bila ya kula ni kuitafuta ile 2.1 niliyokuhadithia. Ya kulipa na fidia muulize shekhe, hilo si fani yangu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, na wataalamu wa afya duniani nao wanasema miezi sita maziwa matupu kisha mpaka miaka miwili na zaidi.

Na insulini yako iangalie na umeme wetu huu. Chupa ambayo hujaifungua ikae kwenye friji, si kwenye barafu, ikiganda itupe. Uliyoianza inakaa nje kama wiki nne pahala pa baridi, soma boksi lake. Unguja tulikaa gizani miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na mtungi ndo uliotuokoa: chungu kikubwa, mchanga mbichi ndani, chungu kidogo juu ya mchanga, insulini kwenye mkebe mkavu humo, kitambaa kibichi juu, uvunguni. Mkebe uwe mkavu, lebo ikirowa ikatoka hutajua ipi ya asubuhi ipi ya jioni.

Daftari nalitaka. Siku nne, namba za saa nane za usiku khasa, na uniandikie ni insulini gani na yuniti ngapi, huku ukiwa umeshakwenda kliniki siyo ukiwa unaningoja mimi.